Nilimwambia babu Mungu wake ni bosi wake wa zamani, babu akaacha kusali

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Stori hii inanionyesha mie mjinga, hilo nalijua, kwa hiyo msijisumbue kunikumbusha. Sijaongeza chumvi.

Nakaa Kiwalani na mama yangu na babu mzaa mama, baba simjui. Shule nimeishia la saba, nauza vitunguu sokoni Mabibo.

Babu ni mtu wa Masasi. Alikuja Dar kijana mbichi, enzi za Mwingereza, akawa boi kwa mzungu mmoja wa serikali kule Oyster Bay. Boi yaani anapika, anapiga pasi, anafunga madirisha. Hata ukiota ndevu unabaki boi.

Sasa ishu ni anavyosali.

Kila jioni akishakula anasimama katikati ya chumba, visigino vimegusana, mikono imenyooka ubavuni. Haombi kitu. Anatoa ripoti.

"Bwana, watoto wamekula. Mlango umefungwa. Maji yapo kwenye ndoo. Ni hayo tu, Bwana."

Hata jioni tuliyotoka kumzika bibi alisimama hivyohivyo. "Bwana, tumemzika vizuri. Ni hayo tu."

Mie chumba cha pili nilikuwaga nacheka na mto mdomoni.

Kuna braza anakaa hosteli palepale Mabibo, mteja wangu, anasoma mambo ya saikolojia. Siku moja biashara imelala, akanipa darasa. Kwamba kuna wataalamu wa nafsi wanasema mtu anamjenga Mungu kwa sura ya mkubwa aliyemjua. Mtoto anaona baba yake anajua kila kitu. Akikua anagundua kumbe hata baba anajificha mwenye nyumba akija. Basi anatafuta baba mwingine, mkubwa zaidi, asiyemwogopa mtu.

Wakuu, nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, najiona profesa.

Na mjukuu na babu ni watani, mnajua wenyewe. Mie namwambia nitamtafutia mke mdogo, yeye ananiambia kwa sura hii ndo maana vitunguu vinaoza.

Kwa hiyo jioni ile alipomaliza tu "ni hayo tu, Bwana", nikachungulia mlangoni.

"Babu, huyo unayemripotia siye Mungu. Ni yule mzungu wako wa Oyster Bay. Wenzako walishastaafu, we bado uko kazini."

Nilitegemea anirushie kitu. Hakurusha. Alikaa kitandani akawa anaangalia mikono yake.

Kesho yake hakusali. Keshokutwa hakusali. Akawa anaonja chakula vijiko viwili, anageukia ukutani.

Hapo mama akanifuata.

"Beda, umemnyang'anya baba yangu Mungu wake. Kavuka themanini yule, hana kingine. Utamrudishia."

"Nitamrudishiaje mama?"

"Sijui. Ulipomchukua hukuniuliza."

Nikakimbilia kwa braza. Akacheka, halafu akaona mie sicheki.

"Dogo, mie nilikueleza sura inatoka wapi. Kama mwenyewe yupo au hayupo, hayo mengine. Hata hao wataalamu wanabishana."

Yaani alinipa nusu ya kisu, na mie nikawahi kuchoma nayo.

Jioni nikaingia chumbani kwa babu. Shikamoo. Marahaba.

"Babu, nilikuwa natania."

"Hukutania. Ulisema kweli." Akavuta shuka miguuni. "Kila jioni nilisimama mbele ya yule bwana, naripoti. Yeye anasoma gazeti. Hakuinua macho hata siku moja. Ningemwambia nyumba inaungua angeitikia tu, olraiti, boi."

Nikataka kucheka, nikaona siyo.

"Juzi uliposema, nikajiona. Kumbe maisha yangu yote nasali kwa mtu aliyeshika gazeti. Na sijamwomba kitu, kwa sababu boi haombi."

Wakuu, nikasema lililokuja.

"Basi huyo wa gazeti alishaenda kwao, babu. Hebu kaa hapohapo, mjaribu aliyebaki."

Akanitazama mpaka nikaangalia chini. Hakusimama. Alifumba macho palepale alipokaa.

"Mungu," akasema. Siyo Bwana. "Goti linaniuma. Na mke wangu nimemkumbuka sana. Nisaidie."

Machozi yakamshuka. Mama alikuwa mlangoni na sahani ya ugali, hakuingia mpaka babu alipomwita. Alikula akamaliza, akaulizia mboga.

Sasa kila jioni anaomba, tena anaomba mpaka anazidisha. Juzi ameomba redio.

Nilichojifunza ni kwamba kujua kitu kimetokea wapi siyo kujua kama ni cha kweli au cha uongo. Mie nilidhani ni kitu kimoja. Na maneno uliyoyaokota sokoni, jijaribie mwenyewe kwanza kabla ya kwenda kumjaribia mzee wa watu.

Nyie mkifumba macho mnamwona nani? Mwageni hapa, na wa dini zote karibuni, sitaki ugomvi kwenye uzi wangu.

Mie mwenyewe nilijifanya mjanja mpaka mwisho. Asubuhi baada ya jioni ile ya goti, naaga kwenda sokoni, nikamwambia babu afadhali yeye, mie nikifumba macho simwoni mtu yeyote kule juu, kwa hiyo hayupo.

Babu akasema, "Hata baba yako hujawahi kumwona. Na yupo Mbagala, anauza mkaa."