Ada Yangu Imechanua Shambani

Leo nimeiona ada yangu ya chuo kwa macho. Nyeupe, inanukia, imejaa nyuki.

Baba alinipeleka kwenye kahawa yetu hapa Mkumbi. Mvua ilinyesha wiki iliyopita, basi maua yamechanua mlima mzima, nikajiona natembea ndani ya wingu. Mawazoni nimeshavaa ovaroli, niko Songea, fundi umeme wa magari...

Kumbe tunasubiriwa. Mtu wa magoma, wale wanaonunua kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa.

"Kuanzia hapa hadi kwenye migomba, chukua," baba akamwambia. "Binti anaenda chuo cha ufundi. Cha binafsi!"

"Chuo gani, mzee?"

Baba akakitaja kwa maringo.

Jamaa akacheka kidogo. "Nimesoma pale. Umeme wa magari."

Jamani! Baba akamtazama juu hadi chini.

"Na ada ulilipaje?" baba akauliza.

"Kwa mkopo. Si ndio nauhangaikia hadi leo kwa kazi hii, mzee."

Baba akamshukuru, akasema atamwita. Kisha tukarudi nyumbani.

Mimi chuo bado nakitaka. Nywele zangu bado zinanukia maua, na maua bado ni yetu.

Mngekuwa nyie, mngeyauza?