Begi Lililobadilishana Nkwenda

Xaveria alikwenda Kibingo kumwona mjukuu wake wa kwanza. Alitoka Nyabiyonza asubuhi kwa mchomoko, yale magari madogo ya abiria, akaunganisha lingine mpaka Nkwenda, na kutoka hapo pikipiki ikampandisha vilima hadi kwa wakwe zake. Walimpokea vizuri. Alimpakata mtoto, akamwimbia kidogo kwa Kinyambo, akatoa kopo la senene, wale panzi wa kuliwa, aliowakaanga mwenyewe. Kisha akaingia chumba cha wageni kubadili nguo, akafungua begi.

Humo mlikuwa na mashati ya kiume, nyundo na viatu vya mpira.

Akaketi kitandani. Begi lilikuwa jeusi kama lake. Bila shaka mabegi yalibadilishana pale Nkwenda, mizigo iliposhushwa harakaharaka sokoni. Nguo hazikumsumbua. Kilichomsumbua ni kichupa cha insulini, alichokifunga kwa kitambaa chenye maji ndani ya kopo ili kisipate joto, pamoja na sindano na kadi ya kliniki. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na kila jioni kabla ya kula lazima ajichome.

Nyumba nzima ile, aliyelijua hilo ni binti yake Benitha peke yake. Wakati wa uchumba, shangazi mmoja alimwonya Xaveria, "Usilitaje. Watasema tunawapelekea ugonjwa." Naye akanyamaza, akamwambia Benitha naye anyamaze.

Sasa huko nje harufu ya ndizi na maharage ilikuwa imeshatanda uani. Kinywa chake kilianza kukauka. Aliwaza kusema anaumwa tumbo, alale bila kula, kesho atajua la kufanya. Lakini muuguzi wa kliniki yao alikuwa amewaambia mara nyingi kwamba mtu akikosa dawa asijifiche, aende kituo cha afya mapema. Akasimama, akaenda jikoni.

"Mama Ainebyona," alimwita kwa jina la mwanawe Adelgunda, mama mkwe wa Benitha, aliyekuwa akifunua sufuria. "Nina shida. Nina kisukari. Dawa yangu imepotelea njiani, na bila hiyo siwezi kula."

Adelgunda alirudisha majani ya mgomba juu ya sufuria, akafuta mikono.

"Tangu lini?"

"Tangu Benitha yuko shule ya msingi."

"Na hamkusema."

"Hatukusema. Tuliogopa."

Benitha alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, akiangalia chini.

"Hilo tutaliongea," Adelgunda alisema. "Sasa vaa viatu."

Shemeji yake Adelgunda, Melkiory, alikuwa na gari la kubebea kahawa. Aliwapakia wote wawili, wakapitia zahanati kwanza. Muuguzi akamtoboa kidole, akasema sukari imepanda lakini si ya kutisha, anywe maji, na kwamba insulini pale haipo. Waende kituo cha afya cha Nkwenda, atawapigia simu wahudumu wa huko wamsubiri Xaveria.

Kule Nkwenda tabibu aliuliza, "Unatumia ipi?"

Xaveria alijua kipimo chake kwa moyo, lakini jina la dawa hakulijua. Alijua tu ni ile yenye ukungu kama maji ya mchele. Akampigia mumewe, Leonidas.

"Kwenye kabati la vyombo kuna boksi tupu. Nisomee yaliyoandikwa."

"Kuna nini? Umefika salama?"

"Nimefika. Soma kwanza, Baba Benitha, nitakueleza."

Leonidas alisoma herufi mojamoja, kama anayefundisha mtoto, na tabibu akawa anaitikia kwa kichwa. Dawa ile ilikuwepo. Jua lilikuwa bado halijazama Xaveria alipochomwa.

Njiani kurudi, walipoanza kupanda kilima, Adelgunda alimgeukia Xaveria.

"Ungezimia kwangu," Adelgunda alisema, "ningewaambia nini watu wa Nyabiyonza? Kwamba nilimlisha mgeni mpaka akaanguka?"

"Nisamehe, mkwe."

"Nimekasirika. Lakini nimekasirika huku nina njaa, na hiyo ni mbaya zaidi."

Melkiory alicheka kwanza, kisha wote.

Kesho yake begi lilipatikana. Alikuwa nalo fundi wa mabati aliyeitwa Rwegasira, ambaye alikuwa amerudi pale sokoni Nkwenda kuulizia viatu vyake. Kile kichupa kilishinda juani, kwa hiyo Xaveria hakukitumia tena.

Alikaa Kibingo wiki nzima. Jioni alijichoma sebuleni, mbele ya watu, na Adelgunda alikuja kutazama kila mara huku amekunja uso.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Haya, njoo tule. Nimekupunguzia ndizi, nimeongeza mboga. Usiniambie hutaki mboga."