Sanda ya Bi Zuhura

Jamani shoga zangu, leo chama chetu cha kuzikana kimeaibika, na moyo unaniuma.

Bi Zuhura wa Msimbazi, mwenzetu tangu chama kinaanza, amefariki alfajiri.

Sanda hununuliwa na chama. Hilo mnalijua.
Msilolijua ni kwamba sanduku letu tupu. Zile kanga za sare tulizonunua sikukuu zilimaliza akiba yote.

Nikaenda na Bi Tatu, mtunza fedha wetu, dukani kwa Mhindi tukakope bafta ya sanda.
"Mama, deni la kanga bado," akasema, wala hakuinua macho.

Basi tukaingia msibani mikono mitupu.
Mwajuma, binti wa marehemu, akatuamkia, "Shikamooni, mama zangu." Bi Tatu akajificha nyuma yangu.

Nikajikaza. "Mwanangu, ile sanda..."
"Ipo, mama."
Akafungua kasha la mama yake. Sanda, pamba, karafuu maiti, vyote vimekunjwa vizuri.
"Alijinunulia mwenyewe. Alisema wenzake hawana kitu, wasije wakahangaika."

Kumbe alijua. Miezi yote hiyo anakaa nasi kikaoni, anacheka nasi, na hakututia aibu hata siku moja.

Mimi machozi tayari.
Halafu Mwajuma akafungua pindo la kanga yake, akatoa shilingi, akamtia Bi Tatu mkononi.
"Na hii ada yake ya mwezi huu. Aliniachia nikupeni."

Tumemzika alasiri. Bi Tatu hiyo shilingi bado ameifumbata, hataki kuitia sandukuni wala kuirudisha.

Ninyi mngeipokea?