Mama Visogo na Mdomo wa Wifi

Wanafunzi wake walimpachika jina la Mama Visogo, naye akalipokea bila kununa. Katika darasa lake la jioni, ambalo lilikuwa stoo ya viti vibovu kabla hajalivalia njuga, watu wazima walikaa wawiliwawili, kisogo kwa kisogo, wakizungumza Kiingereza bila kuonana. Ukimtazama mwenzako, alisema, unasoma midomo na mikono, masikio yanakwenda likizo. Mmoja alieleza chumba chake cha kulala, mwenzake nyuma akakichora. Kitanda kikitokea juu ya dirisha, darasa zima lilicheka, kisha wakaanza upya. Mtu akikwama, Mama Visogo alisubiri, mikono kifuani, na ole wake atakayemnong'oneza jibu.

Aliyemshughulisha kuliko wote ni Dobi, mjane aliyefua shuka za hoteli miaka nenda miaka rudi, mpaka sabuni na mvuke vikaanza kumbana kifua. Daktari alimkataza kurudi kwenye chumba cha kufulia. Meneja akamwambia nafasi iliyobaki ni ya kupokea simu mapokezi, na wanaopiga wengi huongea Kiingereza. Asipoiweza, basi, aende nyumbani.

Dobi alijifunza kufa na kupona. Darasani alimjibu mwalimu bila kubabaika. Lakini siku ya majaribio, meneja alipompigia simu kutoka chumba cha pili, hakuambulia kitu. Alirudi darasani macho mekundu.

“Mwalimu, ukisema wewe naelewa yote,” alisema. “Yule sikumwelewa hata salamu.”

Hapo Mama Visogo akaliona kosa lake. Siku zote alikuwa akizungumza polepole, akitamka kila neno kama anayemlisha mtoto uji, na wanafunzi wakamwiga. Walikuwa wamejifunza kumsikia yeye tu. Walimu wengi wangelaumu masikio ya mwanafunzi; yeye alijilaumu mwenyewe, na kwa hilo anastahili kuvuliwa kofia.

Alikwenda kumbembeleza meneja, Dobi akapewa hadi mwisho wa mwezi ajaribiwe tena. Kisha akafanya jambo lililomuuma zaidi: alikwenda kwa wifi yake. Wifi huyo aliuguza wagonjwa ughaibuni kwa miaka mingi, akarudi na Kiingereza cha mbio, cha puani, kinachomeza nusu ya maneno. Alikuwa chiriku hasa, na tangu wagombanie kabati la marehemu mama mkwe, hawakuwa wakisalimiana.

“Wifi, kabati ni lako,” Mama Visogo alisema mlangoni, hata kabla ya kukaribishwa. “Mimi nataka mdomo wako.”

Wifi alicheka mpaka akajishika mbavu. Kuanzia kesho yake alikaa nyuma ya Dobi, akaropoka, akakohoa, akaongea huku anatafuna. Mama Visogo alimkataza Dobi kuitikia jambo asilolielewa. Kumwomba mtu arudie si aibu, alimwambia. Aibu ni kumpeleka mgeni chumba kisicho chake. Mwanzoni Dobi alitoka jasho. Baadaye akaanza kumkatiza wifi kwa adabu, na wifi, ambaye hakuwahi kukatizwa na mtu, akawa anarudia.

Siku ya jaribio la pili Dobi hakutokea darasani. Kesho yake asubuhi Mama Visogo, roho juu, akapiga simu hotelini. Ikapokelewa kwa Kiingereza, kwa sauti tulivu aliyoijua. Akajikaza, akabana pua, akaulizia chumba kwa mbio za wifi. Sauti ikamwomba arudie. Akarudia. Akajibiwa kwamba chumba kipo, kinatazama bustani. Je, anakuja na nani?

Mama Visogo alitaka kujibu, Kiingereza chote kikampotea kwa furaha. Upande wa pili mtu akasubiri, bila haraka, bila kumnong'oneza jibu.

“Mwalimu,” Dobi alisema mwishowe kwa Kiswahili, “sauti yako naijua hata ukibana pua. Jana walinianzisha zamu palepale. Jibu basi, nakusubiri.”