Koleo Ajifunza Kusimama

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu na feni inayolalamika, na mwenyewe aliitwa Koleo kwa sababu akikusuka unatoka nyusi zimepanda. Wateja walinung'unika na bado walirudi, maana misuko yake haikufumuka upesi.

Siku moja katibu wa klabu ya kulenga shabaha, mwanamke mcheshi, alikuwa kitini machozi yakimlengalenga. "Dada, mkono huu ungeshika bunduki," akasema. "Timu yetu ya wanawake imepungukiwa mtu. Njoo Jumamosi, hata kutazama tu."

Koleo akaenda kutazama. Hakuwa amecheza mchezo wowote tangu kuruka kamba shuleni. Akapewa bunduki ya upepo, akafyatua mara moja, na mlio ule mdogo ukamkaa moyoni.

Nyumbani mumewe, fundi wa friji, alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Sasa nikichelewa kurudi nipite wapi?"

"Pita mlangoni," Koleo akamjibu, "ila uje unaimba."

Mwalimu wa klabu alikuwa askari mstaafu, wote wakimwita Sajenti, mtu wa sauti ya chini asiye na haraka. Koleo akawa mtihani kwake. Kwanza, alikamata bunduki kama mtu anayeogopa kuporwa. Vidole vya kushoto vilibana mbao mpaka vikapauka, mtutu ukatetemeka, na risasi zikatua kila mahali isipokuwa katikati.

"Mama, usiikabe, haijakukosea," Sajenti akamwambia. "Kiganja cha kushoto ni meza tu, ilaze juu yake. Mkono wa kulia ndio unaoshika, nao ushike kama unamsalimia mtu unayemheshimu."

Hilo la mkono likaanza kuingia polepole. La kusimama likagoma kabisa. Sajenti alitaka ubavu wa kushoto uelekee shabaha, miguu ipanuke kiasi cha mabega, nyonga isogee mbele na kiwiko kikae juu yake, ili mifupa ndiyo ibebe uzito na misuli ipumzike. Koleo akisikia hivyo alisimama wima kama yuko gwarideni, kiwiko kinaelea, na muda si muda mkono mzima unawaka moto.

Wiki zikapita, aibu ikamwingia. Jumamosi moja akaja na nia ya kuaga. Mdogo wake alimsindikiza pamoja na mwanawe, kibonge wa mwaka na ushei waliyempa jina la Gunia. Mazoezi yalikuwa hayajaanza. Mdogo mtu akainama kufunga kiatu, akamkabidhi dada yake mtoto. Koleo akampachika nyongani kushoto, kama alivyowabeba wanawe wote, akaendelea kupiga soga na katibu.

"Usisogee," Sajenti akasema nyuma yake.

Koleo akadhani kuna nyoka.

"Simama hivyo hivyo. Mtoto mzito huyo?"

"Mzito haswa, mwalimu. Lakini akikaa hapa simsikii."

"Kwa nini humsikii?"

Akajitazama. Nyonga imetoka, mgongo umeegemea nyuma kidogo, kiwiko kimetulia juu ya mfupa. Akaanza kucheka. "Kumbe siku zote ulikuwa unaniambia nibebe mtoto?"

"Hata mimi sikujua kwamba ndicho nilichokuwa nasema," Sajenti akajibu, naye akacheka, jambo ambalo katibu aliapa hajawahi kuliona.

Gunia akarudi kwa mama yake, bunduki ikachukua nafasi yake. Shavu likalala kwenye kitako, pumzi ikatoka nusu, kidole kikavuta taratibu. Tundu likatokea ndani ya duara jeusi, na la pili likaja kukaa jirani yake. Habari ya kuaga ikaishia hapo.

Kwenye mashindano na klabu za jirani timu yao ilishika nafasi ya tatu kati ya nne, na Koleo akawapita wenzake wote wa timu. Mumewe alizunguka ukumbini akiwaeleza watu wasiomuuliza kwamba yule pale ni mke wake.

Jumamosi iliyofuata Sajenti akasema sasa wajifunze kulenga kwa goti, kwanza mikono mitupu. Koleo akapiga goti, akajipanga vizuri, kisha akaanguka ubavu polepole kama kabati lililokatika mguu. Akabaki pale pale sakafuni anacheka, hana haraka ya kuinuka.