Ombi la Ijumaa la Maame Pokuaa

Wapo watu wanaoweza kusengenya huku wamepiga magoti, na mimi ni mmoja wao. Nalisema mapema ili nisionekane namsimanga Maame Pokuaa peke yake.

Maame Pokuaa ni mshauri wa waraibu katika kanisa letu hapa Kumasi. Ukutani mwa ofisi yake ameandika kwa mkono: LINALOSEMWA HAPA LINABAKI HAPA. Mwaka jana alikuwa na watu kumi na wanne, wengi wao wa vidonge vya maumivu. Mwezi wa tatu alimzika mama yake Jumamosi, na Jumatatu asubuhi akafungua ofisi. "Shetani hachukui likizo," alituambia. Tukampigia makofi, wajinga sisi.

Mmoja wa watu wake alikuwa Adusei, fundi cherehani. Kwetu misiba ni kila Jumamosi, na kila ukoo unataka nguo zake nyeusi na nyekundu ziwe tayari Ijumaa. Adusei alianza kumeza vidonge hivyo ili asisikie uchovu, akeshe akishona. Kufikia Mei alikuwa ametimiza siku arobaini bila kugusa hata kimoja.

Ijumaa moja, kwenye maombi ya akina mama, kila mmoja alitoa ombi lake. Zamu ya Maame Pokuaa ilipofika, alifumba macho, akaanza kulia.

"Bwana, mkumbuke mwanao anayekesha kwenye cherehani kila wiki ya msiba. Vidonge vilikuwa vimemmaliza. Usimwache arudi nyuma."

Jina hakulitaja. Lakini kanisa zima lina fundi mmoja tu wa nguo za msiba! Nilifumbua jicho moja, likakutana na la Mama Konadu, nalo limekodoka.

"Amina!" tukaitikia kwa nguvu.

Kufikia Jumanne, wanawake saba walikuwa wamechukua vitambaa vyao kwa Adusei, eti misiba imeahirishwa. Mimi nilikuwa wa nane. Alinipa changu kimekunjwa vizuri, bila kuniuliza neno. Jumatano, siku yake ya ushauri, Adusei hakwenda kwa Maame Pokuaa.

Maame alipita kwangu siku ya pili yake, akakiona kitambaa juu ya kiti.

"Hiki si kilikuwa kwa Adusei?"

"Maame, si wewe mwenyewe ulituombesha?"

Aliketi palepale juu ya kile kitambaa. Nilimwonea huruma, na nikajionea aibu.

Mchungaji alipopata habari alitaka Maame aombe radhi mbele ya kanisa Jumapili, Adusei akiwa pembeni yake. Akakataa. "Nikimwomba radhi mbele za watu, nitakuwa nimemtangaza mara ya pili." Akaenda peke yake dukani kwa Adusei. Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Adusei mwenyewe, naye ndiye aliyeniruhusu niyasimulie.

Alimkuta ameketi, cherehani imefunikwa. Kando ya mkasi palikuwa na pakiti ya vidonge, bado haijafunguliwa.

"Adusei mwanangu, siri yako nimeitoa mimi. Usiwalaumu wao."

"Hukunitaja, Maame."

"Nilikutaja. Nililiacha jina tu."

Adusei akamtazama. Macho ya Maame yalikuwa mekundu, kanga ya matanga ya mama yake ingali begani.

"Na wewe, nani anakusikiliza?"

"Mungu."

"Mungu namjua. Nauliza mtu."

Maame akatikisa kichwa.

"Basi ndiyo maana ulifurika," Adusei akasema. "Siku nyingine ukielemewa, jiombee kwa jina lako. Langu liache." Kisha akamsukumia ile pakiti. "Ondoka nayo kabla sijabadili mawazo."

Siku hizi, kila Jumanne ya pili, Maame Pokuaa hufunga ofisi na kwenda mji jirani wa Ejisu kwa mshauri mwenzake, mama mmoja wa dhehebu jingine. Anarudi jioni na samaki wa kukaanga, hasemi walizungumza nini. Watu wake sasa ni wanane. Wengine amewapeleka kwingine.

Na ile Ijumaa iliyofuata baada ya kwenda kwa Adusei, alikuja kwenye maombi kama kawaida. Zamu yake ikafika, sote tukatega masikio.

"Mimi Pokuaa nimechoka," alisema. "Nimefiwa na mama yangu na sijamlilia. Niombeeni."

Hakuna aliyefumbua jicho. Tukalia naye.

Nilipotoka pale nilipitia nyumbani, nikabeba kitambaa changu hadi kwa Adusei. Alikikunjua, akakilaza mezani.

"Unakitaka lini?"

"Ijumaa ijayo."

"Basi uje mchana. Usiku nafunga."