Paka wa Sare ya Idi

Zaiton wa mji wa Ipoh hakuwa mfuga paka. Alikuwa mtunza paka waliotupwa, mpaka wapate kwao, na ukithubutu kumwambia ni yale yale, utajuta kuzaliwa. Barazani kwake palikuwa na vizimba sita, na kila kizimba kina mwana wa watu: paka wa Kiajemi wenye pua bapa na vyeti vya ukoo hadi babu wa tano, waliookotwa sokoni wakigombea vichwa vya samaki. Dunia hii bwana! Cheti cha babu unacho, na mtaroni unalala.

Waliokuja kuwachukua aliwahoji kuliko polisi. Bwana mmoja alinyimwa paka kwa sababu ya soksi iliyotoboka. "Soksi yake mwenyewe inamshinda, ataweza kuchana manyoya ya mwenzake?"

"Wanaomba paka hao, mama, hawajaja kuposa," akasema mumewe Ramli, mstaafu wa reli.

"Wa kuposa nilimkubalia haraka haraka, na mkwe wako unamwona. Sirudii kosa."

Lakini mmoja alimkaa rohoni: Kipara. Aliletwa ana mapunye mwili mzima, ikabidi anyolewe wote, akabaki ngozi na macho, moja la buluu, moja la njano. Miezi mitano Zaiton alimpaka dawa kila alfajiri. Mapunye yakapona, nyoya likaanza kuchipua kidogo kidogo. Wageni walimpita wakiguna, naye hakuwajali. Alishinda ameugeukia ukuta. Ramadhani ile Zaiton aliomba jambo moja tu, Kipara apate kwake kabla ya Idi.

Ikabaki wiki moja. Alasiri, saumu imekaza, akaingia Bi Haslinda, muuza vipodozi, marashi yake yakimtangulia. Salamu hazijaisha, kidole kishaelekea kizimba cha jirani yake Kipara.

"Namtaka yule wa kijivu, dada."

"Kwa nini yeye?"

"Sare yetu ya Idi mwaka huu ni kijivu. Mimi, mume wangu, na watoto wote wanne. Huyu atakaa hapa mbele, pichani."

"Na Idi ikiisha?"

"Si atakuwepo tu! Paka mimi nawapenda mno. Mwaka jana tulivaa nyeupe, tukawa na mweupe. Hebu ona."

Akamnyooshea simu. Familia nzima kochini, weupe mtupu, na mapajani mwa Bi Haslinda paka amejaa manyoya kama pamba. Jicho moja la buluu, moja la njano.

"Yuko wapi huyu?" Zaiton akauliza taratibu.

"Aa, huyo! Alianza kujikuna-kuna, tukamweka nje, akaenda zake. Si unawajua paka, hawana shukrani."

Zaiton akayameza matusi. Amefunga.

Kipara alikuwa ameisikia sauti ile. Akauacha ukuta, akausukuma mlango wa kizimba usio na komeo, akatoka mbio, akajisugua kwenye miguu ya Bi Haslinda, akajilaza juu ya viatu vyake, akinguruma hadi mbavu zinatetemeka. Ngurumo hiyo Zaiton hakuwahi kuisikia hata siku moja. Wivu ukamchoma, akaona haya.

"Wee! Nani kalileta lipanya hili? Gauni langu!" Bi Haslinda akamsukuma kwa ncha ya kiatu. Kisha akainama, akatazama macho, akatazama simu. "Ala! Kumbe ni wewe? Dada, manyoya yake yataota?"

Yangeota. Daktari alisema miezi minne tu. Neno moja la ndiyo, na Kipara angerudi kwenye mapaja aliyokuwa akiyalilia, akae huko mpaka ajikune tena, au mpaka sare igeuke kijani.

"Hayataota ng'o," akasema Zaiton, na saumu yake mdomoni. "Atakufa hivyo hivyo."

"Maskini!" Bi Haslinda akashusha pumzi. "Basi nipe wa kijivu."

"Kanunue mto wa kijivu. Nao unakaa vizuri pichani, tena haujikuni."

"Makubwa! Majivuno yote haya kwa paka wa kuokota?" Akaondoka anafoka, mlango wa gari ukabamizwa.

Kipara alimfuata mpaka getini. Akapenyeza kichwa kati ya nondo, akalia kilio cha mtoto aliyeachwa.

Ramli akachungulia. "Kafanyiwa nini huyo?"

Zaiton akamfuata Kipara getini. Siku zote alikuwa akiwanyima watu; leo amemnyima paka. Alipotaka kumbeba, Kipara alimparura mkono kutoka kiwiko hadi kiganja.

Adhana ya magharibi ikatolewa. Ramli alimwita mara tatu aje afuturu. Yeye amechuchumaa getini, damu inamtiririka, anamwomba paka radhi, na paka anaitazama barabara.